Seathwaite hunyeshewa mara mbili ya Bukavu: mbona mlima hauwaangukii?

mwalimu_bagira

Jambo kwenu wote. Nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, upande wa Bagira. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu humanite (sekondari ya juu) wamenipa swali, na mimi nawatupia ninyi.

Tulikuwa kwenye somo la mvua za milimani. Upepo unatoka baharini umebeba mvuke, unagonga mlima, unalazimika kupanda, unapoa, na mvuke unageuka maji. Mfano wa siku zote ni Debundscha, chini ya mlima Cameroon, ambako hunyesha zaidi ya milimita 10,000 kwa mwaka. Huo nimeuchoka. Nikawapa mfano mdogo: Seathwaite, kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mwisho kabisa wa bonde la Borrowdale katika Cumbria, kama kilomita 13 kutoka mji wa Keswick. Ukisikia kitongoji usiwaze Cimpunda, mtaa wetu uliojaa watu. Ni shamba moja la kondoo na nyumba chache za mawe, na barabara nyembamba inayoishia hapo hapo uani. Duka hakuna, kanisa hakuna. Mvua sasa: karibu milimita 3,550 kwa mwaka. Wenyeji hujisifu kwamba katika England yenyewe, tukiiacha Scotland na Wales, hakuna mahali panapokaliwa na watu panaponyeshewa kama kwao. Juu zaidi milimani hunyesha hata kupita hapo, lakini huko wapo kondoo peke yao.

Bukavu tunapata kama 1,300 hadi 1,500. Basi msichana mmoja wa benchi la nyuma, yule asiyeinua mkono mpaka awe na jambo la kunitesa, akauliza: mwalimu, kama wanapata zaidi ya mara mbili yetu, na milima imewazunguka pande tatu, mbona hatujasikia mlima umewaangukia? Nikamjibu kifupi kwamba miamba ni tofauti. Akaniangalia kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Ana haki. Darasani kwangu hakuna mtoto asiyejua parseli (kiwanja) iliyoteremka na nyumba yake. Wengine wana ndugu Kalehe, na wote wanajua mafuriko na maporomoko yaliyotokea huko, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, mwezi wa tano 2023, watu zaidi ya 400 wamekufa. Siwezi kuwaambia watoto hao "miamba ni tofauti" halafu nikafuta ubao.

Anayejua udongo, au aliyewahi kufika huko, anisaidie. Ila naomba msinijibu "wao wana serikali". Hilo tunalijua, na mlima hausomi sheria.

udongo_na_mawe

Mwalimu, huyo msichana mpe maksi zake.

Jumla ya mwaka ni namba inayodanganya kwa sababu haisemi maji yalishukaje. Seathwaite hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Gawanya 3,550 kwa siku hizo, unapata chini ya milimita 18 kwa siku moja ya mvua, na siku nyingi ni manyunyu ya kutwa nzima, yale ya kulowesha bila kupiga. Mvua yetu ya mwezi wa nne inaweza kumwaga kiasi hicho kabla hujamaliza kuanua nguo. Ardhi inayopewa maji polepole inapata muda wa kuyapitisha. Inayomwagiwa yote kwa nusu saa inashindwa.

Sasa hiyo miamba. Wanafunzi wako watacheka wakisikia: milima ya Borrowdale nayo ni ya volkeno! Ni lava na majivu ya volkeno za miaka kama milioni 450 iliyopita, yaliyobanwa mpaka yakawa mawe magumu kabisa. Halafu ikaja barafu. Barafu ya zama za mwisho ilikwangua mabonde yale, ikaondoka kama miaka 11,700 iliyopita, na tangu hapo udongo haujapata muda wa kujijenga. Sehemu nyingi za mteremko ukichimba kidogo unagonga mwamba. Maji yakishuka hayana pa kuzama, yanakimbilia kwenye vijito na kuteremka.

Kwetu ni kinyume. Lava ya Bukavu ni ya mamilioni machache ya miaka, lakini imekaa kwenye joto na mvua bila kukwanguliwa na barafu yoyote, ikaoza, ikawa udongo mwekundu wa mfinyanzi wenye kina cha mita nyingi. Udongo huo unakunywa. Ukishiba unakuwa mzito, na maji yaliyo ndani yanasukuma chembe ziachane, zinapoteza mshiko. Ongeza nyufa za Bonde la Ufa, ongeza mitikisiko kama ile ya tarehe 3 mwezi wa pili 2008, ukubwa wa 5.9, ambayo wazazi wa wanafunzi wako wanaikumbuka vizuri.

Ongeza na sisi wenyewe. Tunakata mguu wa mteremko ili parseli iwe tambarare. Tunaezeka mabati bila mfereji, maji ya paa zima yanashuka kwenye ukuta wa jirani wa chini. Mabomba yanavuja, mashimo ya vyoo yanajaa, vyote vinaingia ndani ya kilima. Funu ni maporomoko makubwa yanayotembea polepole na mji ukiwa juu yake. Watafiti waliofuatilia kwa picha za ndege za zamani na za setilaiti wamekuta sehemu zake zimeongeza mwendo kadiri mji ulivyojaa. Mvua ni ile ile.

Usiwaambie watoto kwamba mlima wa Seathwaite hauanguki. Mawe yanashuka na vijito vinabeba changarawe mpaka mashambani. Ila mahali penye nyumba chache, jiwe likishuka lina nafasi kubwa ya kukuta majani tu.

furaha_keswick

Jambo mwalimu, jambo wote. Mimi ni wa Kadutu hapo Bukavu, nimezaliwa Nyamugo. Sasa niko Keswick, nafanya kazi jikoni katika hoteli, kwa hiyo Seathwaite naifahamu kwa miguu.

Unapanda basi namba 78 mpaka Seatoller, halafu unatembea kama nusu saa kwenye barabara yenye kuta za mawe pande zote mbili. Kuta zile hazina simenti. Mawe yamepangwa tu, makubwa chini, madogo yamejazwa katikati, na zimesimama kabla ya babu wa babu zao. Maji yanapita katikati ya mawe, kwa hiyo ukuta hausukumwi. Nilipoziona nilikumbuka kuta za matofali za kwetu zinazojengwa kwa deni na kuangushwa na maji kwa sababu hazina tundu hata moja. Udongo_na_mawe, ungeandika na hilo, ni kitu mtu anaweza kufanya kesho.

Kuna nyumba ya shamba, nyeupe, paa la mawe meusi yaliyopasuliwa mapana. Mali hiyo iko chini ya National Trust, shirika linalohifadhi ardhi na majumba ya kale. Mkulima ni mpangaji. Kondoo ni Herdwick: wanazaliwa weusi tii na kadiri wanavyokua wanageuka kijivu, uso mweupe. Wanachunga juu milimani bila uzio na hawapotei, kwa kuwa mama anamfundisha mtoto mipaka ya malisho yao. Ndiyo maana ugonjwa wa miguu na midomo wa mwaka 2001 uliwatisha sana. Kundi likichinjwa lote huwezi kununua jingine sokoni ukaliachia mlimani, halijui kwao ni wapi.

Jumamosi magari yanajaa kando ya barabara. Watu wanatoka London na Manchester na makoti ya rangi kali, wanapita uani kwa mkulima, wanavuka daraja la mawe la zamani la Stockley lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo, wanapanda Scafell Pike, mita 978, mlima mrefu kuliko yote England. Mita 978! Mwalimu, sisi Bukavu tunaamkia juu ya hapo, kwenye 1,500, na hatujavaa hata koti. Lakini usiwacheke, huko juu ukungu ukishuka watu wanapotea na wengine wanakufa kwa baridi.

Sasa nikujibu kuhusu mvua, maana hapa ninatofautiana kidogo na ndugu hapo juu. Si kweli kwamba ni manyunyu tu. Mwezi wa kumi na moja 2009 Seathwaite ilipata zaidi ya milimita 310 ndani ya saa 24. Wakati huo ilikuwa rekodi ya Uingereza nzima. Na waliokufa, nyumba zilizozama, si Seathwaite. Maji yaliteremka mto Derwent, yakapita ziwani, yakaifikia Cockermouth, barabara ya maduka ikawa mto. Workington, pale mto unapoingia baharini, daraja lilianguka na polisi mmoja aliyekuwa akizuia watu wasipite juu yake akafa. Mwezi wa kumi na mbili 2015 rekodi ikavunjwa hapo hapo jirani, kwenye njia ya mlimani ya Honister: milimita 341.4 kwa saa 24. Safari hiyo Keswick yetu nayo iliingiliwa na maji, mpaka jumba la makumbusho la penseli likafungwa na kufunguliwa tena 2017.

Kwa hiyo mwambie yule msichana kwamba kitongoji hicho kinapokea maji na kuwatumia wengine.

PDG_mstaafu_Nyabibwe

Dada Furaha, umepita haraka mahali nilipotaka usimame. Makumbusho ya penseli? Mzungu anajenga nyumba, anaweka penseli, watu wanalipa kuingia?

furaha_keswick

Ndiyo, papa, wanalipa, na mvua ikinyesha panajaa. Penseli za Keswick zilianzia Seathwaite. Juu ya kile kitongoji, kwenye mteremko wa magharibi, kulikuwa na grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, na si ya unga kama ya sehemu nyingine. Ilitoka mapande mazima, safi, unaikata kwa msumeno vijiti vijiti. Ya usafi ule kwa wingi ule haikupatikana mahali pengine.

Hadithi ya wenyeji ni kwamba dhoruba iling'oa mti, wachungaji wakaona jiwe jeusi kwenye mizizi, wakaanza kuchorea alama kondoo wao. Hiyo ni karne ya 16. Halafu ikajulikana kwamba ukipaka grafiti ndani ya kalibu, risasi ya mzinga inatoka laini na ya duara. Hapo ndipo wakubwa walipoamka. Shimo likawekewa nyumba ya walinzi mlangoni, na wachimbaji wakitoka wanapekuliwa. Walikuwa wanachimba majuma machache, wakipata ya kutosha wanalifunga na kuliachia maji lijae, kusudi bei isishuke na wezi wasiingie. Mwaka 1752 bunge la London lilitunga sheria juu ya machimbo hayo: ukikamatwa umeiba, kazi ngumu, au unapelekwa ng'ambo kwenye makoloni.

Na bado iliibwa. Usiku, mifukoni, kwa njia za mlimani. Mpaka leo kuna kijia kinaitwa Moses Trod, wanasema kwa jina la mtu aliyekuwa akipitisha vitu vyake bila ushuru kuelekea bonde la Wasdale, ingawa mambo ya huyo Moses ni masimulizi zaidi kuliko maandishi.

PDG_mstaafu_Nyabibwe

Nimesoma mara mbili kwa sauti, na mke wangu anauliza nasoma habari za Nyabibwe, kwetu machimboni, za mwaka gani.

Madini ya vita, walinzi mlangoni, kupekuliwa mpaka kwenye soksi, na mabundi wa usiku, yaani wezi wanaotoa madini gizani. Sisi tulikuwa na kibandiko kwenye kila mfuko, na bado mfuko wa shimo hili ulivaa kibandiko cha shimo lile. Kufunga shimo na kulijaza maji ili bei isimame, hilo sikuwahi kulifikiria. Huku tajiri wa shimo akifunga siku tatu tu, vijana wameshaingia kwa upande wa pili.

Maswali yangu mawili. Kwanza, ilikwisha lini? Pili, wale wa kitongoji walibaki na nini? Sisemi Keswick. Nasema wale wa nyumba chache.

furaha_keswick

La kwanza: lilifungwa mwishoni mwa karne ya 19, kama 1891. Lakini lilianza kufa mapema. Wakati wa vita vya Ufaransa na Uingereza, Ufaransa ilipokatiwa grafiti ya Waingereza, mtu wao Conté akachukua grafiti hafifu ya unga, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, akaichoma tanuruni. Ilikuwa 1795. Penseli ikapatikana, na nzuri, ngumu au laini kadiri unavyotaka. Tangu hapo lile pande safi la Seathwaite halikuwa la lazima tena. Viwanda vya Keswick viliendelea na grafiti ya kununua ng'ambo, na mwaka 2008 kiwanda chenyewe kikahamia Workington.

La pili, papa: walibaki na mashimo na chungu za mawe ya taka mlimani. Unaziona ukipanda, zimeota majani kidogo. Chini yake kuna miti mitatu ya yew, mizee sana. Mshairi Wordsworth aliiandikia ikiwa minne, mmoja ukaangushwa na dhoruba mwaka 1883. Na kondoo. Hakuna jumba la tajiri wa grafiti Seathwaite. Ukitaka kuona faida yake iliishia wapi, fuata maji.

mwalimu_bagira

Aksanti sana wote, hasa dada Furaha. Grafiti sikuiomba ila nimeipokea; itaingia kwenye somo la madini muhula ujao, na PDG nitamwalika kama atakubali kuvaa shati la mikono mirefu.

Nirudi kwenye udongo. Nina ugomvi mmoja na maelezo ya juu. Mnasema miteremko ile haina udongo mzito. Sawa. Lakini nimeona picha, milima ni kipara, majani mafupi tu. Kwa nini pasiwe na miti? Nikiwaambia watoto kwamba kukata miti ndiko kunakoleta maporomoko, watanionyesha Seathwaite.

udongo_na_mawe

Wakikuonyesha, waambie kipara kile ni kazi ya kondoo. Wanakula mche ukiwa kidole. Bonde la Borrowdale lina vipande vya msitu wa mvua, ndiyo, msitu wa mvua Uingereza, mialoni iliyofunikwa kuvumwani na majani ya unyevu mpaka matawini, na mwaka 2024 vilitangazwa hifadhi ya taifa. Vilikuwa vikubwa zaidi zamani. Kuna mabishano makali huko kati ya wanaotaka kondoo wapunguzwe ili miti irudi ishike maji, na wafugaji wanaosema bila kondoo hakuna bonde. Cockermouth inaposombwa, mabishano hayo yanawaka upya, maana mteremko mtupu unateremsha maji haraka.

Kwetu usiwaambie mti unazuia kila kitu. Mizizi inashika udongo wa juu, mita moja, mbili. Maporomoko ya kina kama Funu yanateleza chini ya mizizi yote. Hapo kazi ni kuyatoa maji: mitaro inayofika mtoni, siyo inayoishia kwenye uwanja wa mtu.

furaha_keswick

Mie siingii kwenye mambo ya kondoo. Mkulima ananiuzia nyama.

mwalimu_bagira

Basi nimeamua. Siwezi kuwapeleka Seathwaite, lakini naweza kuwafanya wapime. Kama tunabishana kuhusu mvua ya kutwa na mvua ya nusu saa, tuwe na namba zetu. Udongo_na_mawe, nikitumia chupa ya plastiki itafaa?

udongo_na_mawe

Inafaa kabisa. Hata Seathwaite ilijulikana kwa njia hiyo: miaka ya 1840 bwana mmoja wa Whitehaven, John Fletcher Miller, alitawanya vipima mvua mabondeni, ndipo ikaonekana kwamba pale mwisho wa Borrowdale ni mambo mengine. Keswick iko karibu tu na inapata chini ya nusu.

Chukua chupa ya lita mbili yenye ubavu ulionyooka. Ikate juu inapoanza kukonda, kile kichwa ukigeuze ukitumbukize kiwe faneli, kinazuia maji yasiruke wala kukauka. Chini weka changarawe isianguke, mimina maji mpaka yazifunike, chora mstari: hapo ni sifuri. Rula ya kawaida pembeni. Soma kila asubuhi saa ile ile na umwage mpaka mstari wa sifuri. Mvua kubwa ikianza mchana, mtoto mmoja asome kila dakika kumi mpaka ikatike. Hizo za dakika kumi ndizo zitakazomjibu msichana wako, kuliko mimi.

PDG_mstaafu_Nyabibwe

Mwalimu, usiiweke uwanjani kwa shule. Vijana watakojoa ndani, utaandika Bagira milimita 5,000 na Seathwaite itapoteza jina.

mwalimu_bagira

Hilo nimeshaliwaza. Itakaa kwa mama mmoja jirani na shule, ana uzio na mbwa mkali, na amekubali mradi msomaji awe mmoja, yule msichana. Tunaanza Jumatatu.

udongo_na_mawe

Mbwa sawa. Lakini angalia paa na mti. Chupa ikae mbali na nyumba angalau mara mbili ya kimo cha hiyo nyumba, la sivyo utapima maji ya mabati.